Siku Tulipohamisha Sauti ya Mama

Mwezi uliopita tulimzika baba mdogo Yona kule milimani Lushoto. Baada ya matanga binamu yangu aliniletea mfuko wa vitu vyake, niangalie kama kuna ninachotaka kubaki nacho kwa ukumbusho. Ndani mlikuwa na mkanda wa suruali, miwani iliyovunjika mkono mmoja, na chini kabisa uzi mweusi uliojisokota, wenye spika mbili ndogo za masikioni. Sponji zake zilikuwa zimegeuka rangi ya manjano, zinanata. Niliufunga mfuko, nikazunguka nyuma ya nyumba na kutema mate mara tatu. Shangazi aliyenifuata alidhani nalia.

"Pole mwanangu," alisema, akanipa kitambaa. "Yule mtu alikupenda."

Nilikipokea nikajifuta mdomo. Sikuwa nalia. Ni kinyaa kilichonipanda, kilekile cha nilipokuwa darasa la nne. Nilidhani kilikwisha zamani pamoja na sare ya shule ya msingi, kumbe kilikuwa kimekaa tu kinanisubiri.

Tulikuwa tunakaa Pongwe, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge. Baba alikuwa nyapara kwenye korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge, na upepo ukitoka upande huo harufu ya maji yake yaliyooza iliingia ndani mpaka kwenye unga. Wageni walibana pua. Sisi tulishazoea, na mimi nilijivunia kwamba hakuna harufu ya kunitapisha.

Mama ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye kwaya ya akina mama ya usharika wetu. Sikumbuki vizuri sauti yake ya wakati huo, nakumbuka zaidi jinsi watu walivyokuwa wakiacha kukohoa anaposimama. Kisha shingo yake ikaanza kuvimba rovu, likakua mpaka akawa analala ameegemea ukuta. Akapasuliwa. Alirudi nyumbani na kovu lililozunguka shingo kama mkufu, na sauti haikurudi. Kilichobaki kilikuwa mnong'ono mkavu, kama mtu anayepepeta makapi. Akitaka kutuita uani aligonga sufuria kwa mwiko.

Hakuna mtu mzima aliyenieleza kitu. Nikajieleza mwenyewe: daktari alipotoa lile rovu alitoa na sauti, kwa sababu zilikuwa mahali pamoja. Na sauti ikitolewa haiwezi kukaa hewani, lazima iende kukaa mahali. Nilijua ilikokwenda. Kabla ya kuugua, kwaya ilikuwa imerekodi nyimbo sita mjini, kwa majaribio, wakapewa CD tatu. Moja mwalimu wa kwaya alihama nayo, moja ilipasuka kanisani, moja tulikuwa nayo sisi. Wimbo wa tatu Mama aliimba peke yake. Kwa hiyo sauti ilikuwa salama. Imehama tu, imetoka shingoni ikaenda kukaa kwenye CD, na CD ilikaa ndani ya kitabu cha tenzi juu ya kabati.

Baba mdogo Yona alikuja kwetu kutafuta kazi, akakaa. Alikuwa mcheshi, watoto wa mtaa mzima walimpenda, na mimi nilimpenda kuliko wote. Lakini nilikuwa namwangalia kwa karibu, na vitu nilivyoviona sikuweza kuacha kuviona. Alifuga ukucha mrefu kwenye kidole cha mwisho. Kwa ukucha huo alichokonoa sikio, akauangalia, akaupangusa pembeni mwa kiti, kisha akamega ugali. Alisukutua mdomo kwa chai ndipo akaimeza.

Na alikuwa na kile kidude. Nyinyi mliokua wakati mmoja na mimi mnavikumbuka, vidogo kama kiberiti, vyenye kioo cha buluu na betri moja, tulikuwa tunaviita empithrii. Baba mdogo alikivaa shingoni hata akienda msalani. Siku akifurahi alichomoa spika moja sikioni mwake na kunichomeka sikioni mwangu, ya moto bado, na yenye unyevu. Mwili wote ulinisisimka kwa karaha. Nilivumilia, kwa sababu muziki ulikuwa mtamu mno, ulicheza katikati ya kichwa changu kana kwamba umezaliwa humo.

CD ya Mama ilianza kukwama. Ukifika wimbo wa tatu, deki ilirudia neno moja kama mwenye kigugumizi. Baba mdogo aliichukua, akaipaka dawa ya meno, akaisugua kwa fulana aliyoivaa. Ikaimba kidogo, ikakwama tena.

"Shemeji, hii inakufa," alimwambia Mama. "Tuhamishie nyimbo humu kwangu. Humu hakuna kukwaruzika."

Mama alifikiri siku mbili. Ya tatu, Jumamosi, aliifunga CD kwenye kitambaa safi cha jikoni na kuniwekea mikononi. Akainama mpaka mdomo wake ukagusa sikio langu.

"Shika wewe," alinong'ona. "Usimpe yeye."

Tukaenda mjini, Chumbageni, kwenye kibanda cha kijana mmoja aitwaye Shabani. Alikuwa mwembamba, ana kofia ya kushonwa kwa mkono iliyofuliwa vizuri, na anamwamkia kila aliyemzidi hata mwaka mmoja. Juu ya mlango palikuwa na bango la ubao lililoandikwa kwa rangi nyekundu: TUNAHAMISHA NYIMBO. TUNACHOMA CD. Nililisoma kwa sauti, maana nilikuwa kwenye umri wa kusoma kila kitu kwa sauti. Na nikalielewa bila shida. Wanahamisha nyimbo kwanza, halafu CD iliyobaki tupu wanaichoma, kama vile watu wakihama wanavyochoma takataka walizoziacha.

Shabani aliipokea CD kwa kingo zake, akaipulizia pumzi, akaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje. Ilikuwa mara ya kwanza kuona mtu akiishika inavyostahili. Kwenye kompyuta yakatokea mafaili mawili ya manjano, na karatasi zikaanza kuruka kutoka la kushoto kwenda la kulia, moja baada ya moja.

"Zinakwenda wapi?" niliuliza.

"Zinahama, mdogo wangu," alisema bila kugeuka. "Baada ya hapo nazipeleka kwa baba yako mdogo."

Zilipokwisha kuruka, zikaruka tena mara ya pili, safari hii kuingia kwenye kidude. Niliona kwa macho yangu karatasi zikitoka. Shabani akanirudishia CD mkononi, nikashangaa kwamba hakuichoma. Nikadhani amesahau.

Njiani baba mdogo aliniomba CD. Nilimpa, maana haikuwa tena na kitu. Aliigeuza upande unaong'aa, akajitazama kama kwenye kioo, na huku anatembea akaminya chunusi iliyokuwa kidevuni. Ilipasuka. Tone lilirukia kwenye CD, jeupe, lenye uzi wa damu. Alilipangusa kwa kidole gumba, akanirudishia. Nilibeba ile CD mpaka nyumbani kwa ncha za vidole viwili, mkono nimeunyoosha mbali na gauni.

Jioni hiyo Mama alikaa kwenye kigoda. Alizifuta zile spika kwa pindo la kanga, akarudia kuzifuta, akaziweka masikioni. Alisikiliza macho yamefumba. Ulipofika wimbo wa tatu midomo yake ilianza kucheza. Alipozitoa aliuliza, kwa ule mnong'ono, "Mimi huyu?" Baba alitoka nje akajifanya anatafuta kuni.

Kesho yake, Mama akiwa kisimani, niliiweka CD kwenye jiko la mkaa. Haikuwaka. Ilijikunja kama jani, ikatoa rangi za upinde wa mvua, ikatoka malengelenge, halafu moshi mweusi. Mimi niliyejidai hakuna harufu ya kunishinda, nilikimbilia mlangoni nikatapika. Ilikuwa harufu tamu na chafu kwa pamoja, iliyong'ang'ania kwenye nywele siku nzima. Mabaki yakawa donge jeusi. Nikalitupa chooni, nikasugua jiko, nikajiona nimemaliza kazi aliyoisahau mtu mzima.

Zikapita Jumapili mbili au tatu. Siku moja Mama akamgusa bega baba mdogo, akaonyesha kidude. Alitaka kusikiliza. Baba mdogo akachekacheka.

"Shemeji, kilikuwa kimejaa. Nilipata nyimbo mpya, nikazifuta zile kidogo. Si CD mnayo?"

Mama akaenda kabatini. Akafungua kitabu cha tenzi, akakitikisa. Akanigeukia mimi. Na katika kutazamana kule ndipo nilipoelewa, yote kwa mara moja, kwamba karatasi zile zilikuwa zinaruka lakini hazikuwa zinatoka. Sijui nilielewaje. Labda ni kwa namna baba mdogo alivyosema "CD mnayo", kama mtu anayesema maji yapo mtungini.

"CD iko wapi?" Baba aliuliza.

"Ilibaki dukani," nilisema.

Baba mdogo aliishika CD ile njiani. Aliitumia kama kioo. Alijua vizuri kwamba haikubaki dukani. Nilimwona akifikiri, na ilimchukua muda mfupi tu.

"Kweli," alisema. "Ilibaki. Mimi nilishangaa yule kijana anaifungia kwenye droo, nikadhani ndio utaratibu wao. Wajanja wale." Na Baba alipogeuka, akanikonyeza.

Mpaka leo mtu akinikonyeza nageuza uso.

Baba alitupeleka wote wawili Chumbageni siku hiyohiyo. Kibanda kilikuwa na wateja, na nje watu wamekaa barazani.

"Kijana, CD ya mke wangu iko wapi?"

"Shikamoo mzee," Shabani alisema. "CD ipi?"

"Usinizungushe. Ile ya kwaya. Umeifungia."

Shabani alitutazama mmoja mmoja. "Mzee wangu, ile nilimkabidhi huyu mtoto mkononi."

Baba akanishika bega. "Alikupa?"

"Hakunipa."

"Wallahi nilimpa," Shabani alisema. Akafungua droo zote, akamwaga vilivyomo mezani, akageuza mpaka mto wa kiti chake. Akasema kompyuta nayo iko kwa fundi, umeme umeiunguza, la sivyo angetafuta zile nyimbo humo. Baba akacheka kile kicheko cha mtu aliyethibitisha, akawageukia watu wa barazani. "Mmesikia? CD hakuna, na kompyuta leo ndiyo imeungua. Mwizi huyu! Mnamletea vitu vyenu, ni mwizi!"

Shabani alichuchumaa mbele yangu. "Mdogo wangu, niangalie," alisema taratibu. "Si nilikupa?"

Niliangalia sakafu. Palikuwa na vipande vya waya na chungu mmoja anayeburuta punje ya sukari. Nikatikisa kichwa.

Tangu siku hiyo baba mdogo aliniita mshirika. "Mshirika, niletee maji." "Mshirika, nikune mgongo hapa." Hakunitisha hata mara moja, hakuhitaji. Siku moja wakati wa chakula aliuma kipande cha nyama, akakitafuna pembeni, akakitoa mdomoni na kukiweka kwenye sahani yangu. Kilikuwa na alama za meno na kinang'aa mate.

"Kula, mshirika wangu," alisema. "Nyama hii ni yako."

Baba akacheka, akaona jinsi mdogo wake anavyopenda watoto. Nami nilikula. Nilikitafuna nikakimeza, na nakumbuka kilivyoshuka. Nimekula vitu vibaya maishani, nimeuguza watu, nimesafisha vidonda. Sijawahi kuchukia mdomo wangu kama siku ile.

Shabani alikuja Pongwe Jumapili moja baada ya ibada. Tulikuwa tumekaa uani, tunakunywa chai. Alipiga hodi mbali kabisa, kule kwenye ua wa michongoma, akasimama mpaka alipokaribishwa. Alikuwa na bahasha.

"Mzee, sikuja kwa ugomvi," alimwambia Baba. "Kompyuta imetengenezwa. Nilipoiwasha nikakuta zile nyimbo zimebaki humo, zote sita. Nikasikiliza ule wa tatu. Nikasema, sauti hii ina mwenyewe, haifai kukaa kwangu." Akamgeukia Mama, akampa bahasha kwa mikono miwili. "Nimekuchomea mpya, mama."

Mama aliishika kifuani. Baba hakujua aangalie wapi. Alimvutia kiti, akaniambia nilete kikombe, akakohoa.

"Nashukuru kijana," alisema hatimaye. "Umefanya jambo la kiungwana. Basi, na kwa kuipoteza ile ya kwanza, mimi nimekusamehe."

Shabani alikuwa amenyanyua kikombe, akakishusha. "Mzee, ninaloomba ni moja. Ukipita Chumbageni, waambie wale waliokuwepo. Tangu siku ile wateja wangu wananipa vitu vyao kwa macho mengine."

Kisha akanitazama. Pembeni yake baba mdogo alikuwa anachokonoa meno, naye akanitazama, akakonyeza.

"Niliichoma," nilisema.

Baba akageuka. "Nini?"

"Niliichoma kwenye jiko. Alinipa. Bango limesema wanahamisha nyimbo halafu wanachoma CD. Nikaona ameisahau. Na baba mdogo anajua alinipa, alijiangalia njiani akaminya chunusi."

Baba mdogo akapasuka kwa kicheko. "Jamani! Kuchoma! Amechoma kweli, kwa mkaa!" Alipiga mapaja, machozi yakamtoka, na Baba, ambaye nafikiri alikuwa anatafuta pa kuficha aibu yake, akaanza kucheka naye. Jirani akaja kuuliza, akahadithiwa, naye akacheka. Katika kicheko hicho hakuna aliyeuliza kwa nini mtu mzima alisema uongo. Baba mdogo alitoka humo amekoga, msafi, na hadithi ya mtoto aliyechoma CD akaisimulia kwenye sherehe zetu kwa miaka mingi, kila mara kwa utamu zaidi. Nilijifunza kutoka nje kila akianza.

Mama hakucheka. Alimshika Shabani mkono kwa mikono yake yote miwili na kusema maneno ambayo hakuna aliyeyasikia isipokuwa Shabani mwenyewe, maana ilibidi ainame. Shabani aliaga kwa adabu, chai yake haikuguswa. Jioni hiyo Mama alipakua chakula, na sahani ya baba mdogo haikutoka kabatini. Wala siku iliyofuata. Wiki haikuisha, akarudi milimani.

Baba alisema atapita Chumbageni Jumamosi. Jumamosi ikawa na kazi. Iliyofuata akasema atapita mwisho wa mwezi. Nilipomkumbusha mara ya tatu alinikaripia: "Si tulimkaribisha chai?"

Nilipofaulu kwenda sekondari mjini, wiki ya kwanza kabisa, nikiwa na sare mpya inayonukia wanga, nilikwenda mwenyewe. Kibanda kilikuwa palepale, Shabani ameota ndevu. Palikuwa na wateja wawili vijana. Nilisimama mlangoni na kusema kama mtu anayetoa shairi shuleni:

"Shikamoo. Mimi ndiye niliyechoma ile CD ya kwaya. Huyu kaka alinikabidhi. Baba yangu alimwita mwizi hapa, na hakuiba."

Vijana wale walitazamana, hawakujua nazungumzia nini.

Shabani aliweka chini alichokuwa amekishika. "Watu wa siku ile hawapo hapa, mdogo wangu," alisema. Hakusema kwa hasira. Akafikiri. "Lakini yule mama anayepika vitumbua pale ng'ambo, alikuwepo. Tangu siku ile haitikii shikamoo yangu."

Hakuniambia niende. Nilivuka barabara. Mama yule alikuwa anageuza vitumbua kwa kijiti, uso umelowa jasho. Nilimwamkia, nikarudia maneno yangu yote. Alinisikiliza bila kuacha kazi. Aliepua vilivyoiva, akamimina vingine, akajipangusa mikono kwenye kanga. Kisha akanyanyuka, akaweka mkono kiunoni na kuita kwa nguvu, mpaka waliokuwa barazani wakageuka:

"Shabani! Hujambo mwanangu?"

Alitoka mpaka kizingitini.

"Sijambo mama," alisema. "Shikamoo."